Mkuyu: namna ya kuutambua, kuuotesha na kuupanda Dar es Salaam

Omba mkuyu kwenye vitalu vitatu vya kando ya barabara jijini Dar es Salaam, na unaweza kurudi nyumbani na miche mitatu isiyofanana. Mmoja atakupa mtini, ule wa tini zinazouzwa zikiwa zimekaushwa. Wa pili atakupa fikasi ya kupamba ua. Wa tatu atakupa mche uliookotwa ukingoni mwa mto, ambao huenda ndio wenyewe na huenda ni ndugu yake. Hakuna aliyekusudia kukudanganya. Majina ya miti hii yanaingiliana, na mche wa sentimita 30 hauna tunda la kuutolea ushahidi.

Tatizo ni kwamba mkuyu ni mti wenye gharama kubwa ukiukosea. Ukikomaa hufika mita 20 kwenda juu, na matawi yake hutanda hata kivuli kikawa kipana kuliko urefu wa mti. Mizizi yake hufuata maji popote yalipo, yakiwemo ya bomba na ya shimo la choo. Ukiupanda nyuma ya jiko kwenye kiwanja kidogo, utakuja kuukata kwa fedha nyingi na huzuni nyingi. Ukiupanda mahali pake, hasa kwenye kingo za mito yetu ambazo humeguka kila masika, utashika udongo, utatoa kivuli na utalisha ndege, popo na watoto wa mtaa kwa miaka mingi sana. Kwa hiyo mpangilio wa kazi ni huu: hakikisha jina, kisha mwili wa mti, kisha mahali, ndipo ushike jembe.

Hakikisha jina

Mkuyu ninaouzungumzia huitwa na wataalamu Ficus sycomorus, jina lililochapishwa na Linnaeus mwaka 1753. Liandike kwenye simu yako, kwa sababu ndilo jina pekee litakalokulinda ukiwa unatafuta habari au kuagiza mbegu. Ukitafuta kwenye intaneti kwa neno sycamore peke yake, utaletewa miti mingine kabisa. Waingereza huliita hivyo jamii ya Acer, yaani Acer pseudoplatanus, na Wamarekani huliita hivyo Platanus occidentalis. Yote miwili ni miti ya nchi zenye majira ya baridi, haizai makuyu, na mbegu zake ukiziagiza utakuwa umetupa fedha. Majina ya Kiingereza yanayouhusu kweli mkuyu wetu ni sycamore fig na mulberry fig, na huko Afrika Kusini husema common cluster fig. Ukikuta pia Ficus gnaphalocarpa, hilo ni jina la zamani la aina mojawapo ya mkuyu huuhuu, na siku hizi huhesabiwa ndani yake.

Majina ya Kiafrika yana faida kubwa kwa mkazi wa Dar es Salaam, maana jiji hili limejaa watu waliokulia karibu na mti huu wakiuita kwa lugha za kwao. Wakikuyu na Wakamba husema mukuyu, na jina lenyewe la Wakikuyu huhusishwa na mti huo. Wachewa wa Malawi husema mkuyu kama sisi. Waganda husema mukunyu, Washona husema muonde, Wahausa husema baure, na kwa Kiamhari ni shola. Wamaasai huuita olng'aboli, kwa hiyo mlinzi wa Kimaasai mtaani kwako anaweza kukuonyesha mkuyu haraka kuliko muuza miche. Mwenye asili ya Uarabuni au Misri atauelewa ukimtajia jummaiz, na Waebrania huuita shikma.

Ramani ya nchi nayo inakusaidia. Makuyuni kule Monduli, Mkuyuni ya Mwanza na Mkuyuni ya Morogoro ni mahali palipopewa majina kwa mti huu au tunda lake. Ukiwa na ndugu huko, mwombe picha ya shina, jani na tunda, uwe na kitu cha kulinganishia.

Unapomuuliza mzee aliyekaa miaka mingi karibu na mto, usimtangulizie jina. Ukisema "Shikamoo babu, huu ni mkuyu?" atakubali ili asikuvunje moyo. Sema: "Shikamoo babu, mti huu mnauitaje, na matunda yake hutokea wapi?" Jibu la swali la pili ndilo lenye uzito.

Ndugu zake unaoweza kuuziwa

Jenasi ya Ficus ina spishi zaidi ya 750 duniani, na Tanzania tunazo kadhaa. Isitoshe, ukoo wake mkubwa zaidi, Moraceae, unajumuisha mfenesi, mshelisheli, mforsadi na mvule, ndiyo maana miti yote hiyo hutoa utomvu mweupe ukiikwaruza. Basi utomvu mweupe peke yake hauthibitishi kitu.

Mtini, Ficus carica, ndio rahisi kuutofautisha. Jani lake limegawanyika vidole, na mti hubaki mdogo. Huo ndio wa tini za dukani. Ni mti mzuri kwa kiwanja kidogo, lakini si mkuyu.

Fikasi ya mapambo, Ficus benjamina, ina majani madogo, laini, yanayong'aa, yenye ncha iliyochongoka. Asili yake ni Asia na Australia. Ukiona jani linang'aa, weka mche chini.

Msasa, Ficus exasperata, ndio unaowachanganya hata wenyeji wa pwani, kwa sababu majani yake na ya mkuyu yote hukwaruza. La msasa hukwaruza zaidi, na mafundi wa zamani walilitumia kulainishia mbao. Ukiwa na mti mkubwa mbele yako angalia matunda: ya msasa ni madogo na hukaa kwenye vijiti vya juu pamoja na majani.

Wa mwisho ni ndugu wa karibu kabisa, Ficus sur, ambao watu wengi nao huuita mkuyu, na sioni sababu ya kubishana nao. Huzaa vishada kwenye shina vilevile. Tofauti iko kwenye jani na ganda: jani la Ficus sur si la kukwaruza, kingo zake zina meno yanayoonekana wazi, majani machanga mara nyingi huwa mekundu, na ganda la shina ni la kijivu. Ukiupata huu badala ya mkuyu wenyewe na unataka kuupanda kando ya mto, hujapata hasara. Nao hupenda maji na matunda yake huliwa. Andika tu kwamba ndio uliopanda.

Kuna pia ile mikuyu-kaba, inayoanza maisha juu ya mti mwingine, ikateremsha mizizi na kuukumbatia mwenyeji wake hadi afe. Kundi hilo lina Ficus thonningii na Ficus natalensis. Mkuyu huanzia ardhini na kusimama kwa shina lake mwenyewe. Mti wenye mizizi inayoning'inia hewani usiuchukulie kipandikizi ukidhani ni mkuyu.

Kuutambua mti mzima

Ukifika chini ya mti, tazama shina kabla ya majani. Mkuyu una ganda lenye rangi ya manjano iliyochanganyika na kijani, na hubambuka vipande vyembamba mithili ya karatasi, na chini yake huonekana rangi angavu zaidi. Miti michache sana ya mabondeni kwetu ina shina la namna hiyo. Mti ukiwa mkongwe, sehemu ya chini hupanuka na mizizi mikubwa huonekana juu ya ardhi.

Kisha chukua jani moja. Ni pana, karibu umbo la yai, na pale linapoungana na kikonyo limeingia ndani kidogo. Pitisha kidole juu yake: linakwaruza. Likunje, na utomvu mweupe utatoka. Angalia kijiti lilipotoka, utaona kovu linalokizunguka pande zote kwenye kila pingili. Kovu hilo ni alama ya jenasi nzima ya Ficus, na ndilo linalokusaidia kwenye mche mdogo usio na matunda.

Mwisho tafuta makuyu. Hutokea kwenye vijiti vifupi visivyo na majani, vilivyoota moja kwa moja kwenye matawi manene na hata kwenye shina. Kuyu bichi ni la kijani lenye vinyweleo laini. Likiiva huwa la manjano, la rangi ya machungwa au jekundu, na upana wake mara nyingi ni sentimita 2 hadi 3. Pasua moja kwa kisu. Ndani utaona maua madogo mamia kwa mamia yaliyoelekea katikati, kwa sababu kuyu ni kifuko cha maua, na mkuyu haufungui ua lolote nje.

Shina la manjano linalobambuka, jani la kukwaruza, vishada kwenye matawi manene: ukiyapata yote matatu, huo ni mkuyu. Ukipata mawili tu, piga picha zote, bana kijiti chenye majani na matunda katikati ya magazeti kikauke, kisha kipeleke Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, kwenye idara ya botania. Kuna hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya kulinganishia.

Mahali pa kuupanda

Hapa nitakuwa mkali. Usipande mkuyu kwenye kiwanja cha kawaida cha makazi. Viwanja vingi vya mita 20 kwa 20 havina pa kuuweka: pima mita 15 kutoka ukuta wa nyumba, chemba, shimo la maji taka, bomba la DAWASA na ukuta wa jirani, na utagundua hakuna nafasi iliyobaki. Usiupande chini ya nyaya za TANESCO. Usiupande juu ya maegesho ya magari, kwa sababu makuyu huanguka, hupasuka na kuvuta nzi, na popo huja usiku. Kama kiwanja chako ni kidogo na unataka kivuli na tunda, panda mforsadi au mtini, na nguvu zako za mkuyu zipeleke kwenye ardhi ya pamoja.

Ardhi hiyo ipo. Mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu na kukatiza jiji hadi baharini karibu na daraja la Selander. Kuna Kizinga na Mzinga upande wa Temeke, Mpiji mpakani kaskazini, Tegeta, Mlalakuwa, na vijito vingi ambavyo kiangazi huonekana mitaro mitupu na masika hubomoa nyumba. Mafuriko ya Desemba 2011 yalionyesha wazi kinachotokea bonde lisipokuwa na nafasi ya maji wala mizizi ya kushika kingo. Mkuyu kwa asili ni mti wa kando ya mito na mahali ambapo maji ya ardhini yako karibu. Mizizi yake mipana hukamata udongo, na mti hustahimili maji yakisimama kwa muda.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari zinazoweza kuharibu mazingira hayo. Ukanda huo wa mita 60 ndio makazi halali ya mkuyu jijini. Hata hivyo usijiendee tu na jembe. Anza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mwombe akukutanishe na afisa mazingira wa kata, na uulize kama eneo lina mradi wa kupanua au kunyoosha mto. Mti uliopandwa pale ambapo mwakani litapita tingatinga ni jasho lililopotea.

Baada ya mito, mahali pengine panapofaa ni uwanja mpana wa shule, wa msikiti, wa kanisa, au shamba la Kigamboni, Chanika au Mabwepande lenye bonde lenye unyevu. Mchanga mtupu wa ufukweni unaopigwa na maji ya chumvi uache kwa mivinje na mikungu.

Kuotesha kwa vipandikizi

Hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa mtu wa kwanza, kwa sababu unajua hasa mti mama ni upi, na mche hukua haraka kuliko wa mbegu. Wiki za kabla ya masika, yaani Februari hadi katikati ya Machi, ndizo nzuri, na nafasi ya pili ni Oktoba kabla ya vuli kukolea.

Omba ruhusa kwanza. Ndani ya msitu wa hifadhi, kama Pugu na Kazimzumbwi, kukata hata tawi bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na wa kuzungumza nao ni Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Nje ya hifadhi uliza mwenye shamba, na uwaulize wazee pia. Mikuyu mikongwe mingine ya pwani ni mahali pa matambiko, watu huweka ubani na kuomba dua hapo. Ukikata tawi bila kuuliza umewavunjia heshima, na mche wako hautapata mlinzi.

Chagua tawi lenye afya lililokomaa kiasi, si lile changa la kijani wala gumu la zamani sana. Kata vipande vya urefu wa sentimita 40 hadi 50, vyenye unene wa kidole gumba au zaidi, kwa panga kali au mkasi wa kupogolea. Upande wa chini kata mshazari, wa juu kata kwa kukingama ncha ibaki bapa, ili usije ukakipanda kichwa chini. Ondoa majani yote isipokuwa mawili ya juu, na hayo yakate nusu. Utomvu utatoka mwingi. Osha ncha kwa maji, kisha laza vipande kivulini hadi siku ya pili vikauke jeraha. Ukipanda vikiwa bado vinavuja, huoza kwa urahisi. Vaa glavu kama ngozi yako ni nyepesi, na usijiguse macho, maana utomvu wa mkuyu huwasha.

Jaza viriba vikubwa, yaani mifuko ya nailoni ya kuoteshea miche, kwa mchanganyiko wa mchanga wa mto sehemu mbili, udongo wa juu sehemu moja na mboji iliyooza vizuri sehemu moja. Choma kijiti katika kiriba kufungua tundu, ingiza kipandikizi hadi theluthi mbili ya urefu wake iwe ndani, kisha shindilia udongo kwa vidole. Panga viriba chini ya kivuli cha makuti kinachopitisha mwanga kidogo. Mwagilia kwa keni asubuhi na jioni, udongo uwe na unyevu bila kutuama. Mchwa ni adui mkubwa wa vipandikizi kwenye udongo wa kichanga wa Dar, kwa hiyo inua viriba juu ya matofali na nyunyiza majivu kuzunguka.

Machipukizi yakitokea usifurahi mapema. Kipandikizi huweza kutoa majani kwa chakula kilichobaki ndani yake kabla hakijatoa mzizi hata mmoja. Subiri wiki 6 hadi 8, kisha tazama matundu ya chini ya kiriba. Ukiona mizizi, anza kupunguza kivuli kidogokidogo kwa mwezi mzima ili mche uzoee jua.

Kwenye ukingo wenye unyevu wa kudumu unaweza kuruka kitalu kabisa. Kata nguzo mbichi ya unene wa mkono na urefu wa mita 2, izike sentimita 60 au zaidi mwanzoni mwa masika, ishindilie sana, na paka udongo wa mfinyanzi kwenye ncha ya juu isikauke. Si zote zitashika, kwa hiyo panda nguzo zaidi ya idadi ya miti unayoitaka. Njia hii ina faida moja kubwa: mbuzi hawafikii machipukizi ya juu.

Chukua vipandikizi kutoka miti mama tofauti. Vyote vikitoka mti mmoja, utakuwa umepanda mti mmoja mara nyingi, na ugonjwa ukiuweza mmoja utaiweza yote.

Kuotesha kwa mbegu

Mbegu huhitaji subira, ila hukupa miti yenye damu tofauti, na kwa mradi wa shule au wa kikundi ndiyo njia bora. Okota makuyu yaliyoiva vizuri na kuanguka yenyewe. Yapasue, yaponde ndani ya ndoo ya maji safi na koroga. Nyama na mbegu tupu huelea, mbegu nzima huzama. Mwaga vya juu, rudia mara kadhaa, kisha chuja kwa kitambaa na anika kivulini.

Mbegu hizi ni ndogo sana na zinahitaji mwanga, basi usizifukie. Toboa beseni kwa chini, jaza mchanga laini uliochekechwa na mboji kidogo, lowanisha, sambaza mbegu juu na zibonyeze kwa kiganja. Ukimwagilia kwa keni zitasombwa zote pembeni. Weka beseni hilo ndani ya jingine lenye maji kidogo, mchanga unyonye kutoka chini. Funika kwa nailoni angavu, uweke penye mwanga lakini si jua kali. Kwa kawaida huanza kuota kati ya wiki ya pili na ya nne. Miche ikiwa na majani manne, ihamishie kwenye viriba kwa ncha ya kijiti, ukishika jani badala ya shina.

Siku ya kupanda

Subiri mvua za masika zishike kweli, kwa kawaida mwishoni mwa Machi au Aprili mwanzoni, usidanganywe na mvua moja. Mche uwe na urefu wa angalau nusu mita. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande na kina hichohicho, ukitenga udongo wa juu na wa chini. Changanya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza. Samadi mbichi huunguza mizizi na kualika mchwa. Chana kiriba kwa wembe bila kubomoa udongo, weka mche kwa usawa uleule uliokuwa nao kitaluni, rudisha udongo wa juu kwanza, shindilia kwa mguu, mwagilia ndoo nzima ya lita 20.

Mti na mti viachane mita 12 hadi 15. Najua itaonekana kama umeacha uwanja mtupu, na katikati unaweza kuweka matete au nyasi za kushika udongo kwa miaka ya mwanzo. Kwenye ukingo uliosimama wima usipande kwenye mdomo wenyewe, rudi nyuma mita 3 hadi 5, ili mti uwe umeshika kabla mto haujaufikia.

Zungushia kila mche fito au seng'enge. Majani ya mkuyu ni malisho mazuri, na mbuzi wa mjini hawana aibu.

Miaka mitatu ya mwanzo

Kiangazi cha kwanza, Juni hadi Oktoba, ndicho kinachoamua. Mwagilia ndoo moja mara mbili kwa wiki, na uweke matandazo ya nyasi au makumbi ya nazi kuzunguka mche bila kugusa shina. Kama maji ni ya kununua, toboa tundu dogo chini ya chupa ya lita moja na nusu, ijaze na uichomeke kando ya mche idondoke taratibu. Kiangazi cha pili mara moja kwa wiki inatosha, na kando ya mto huenda usihitaji kabisa.

Wape watu majina ya kuwajibika. Mti wa shule ukabidhiwe darasa fulani, wa msikiti au kanisa ukabidhiwe familia fulani, wa mtoni ukabidhiwe wanaolima bustani za mchicha hapohapo. Mti wa wote usio na mtu wa kuumwagilia hukauka Agosti.

Kupogoa ni kidogo. Acha shina moja kuu, ondoa matawi ya chini ya kimo cha mtu taratibu, moja au mawili kwa mwaka. Kata wakati wa ukavu, utomvu hutoka kidogo na jeraha hukauka haraka.

Makuyu yakianza kutoka

Usishangae miaka ikipita bila tunda, zaidi sana kwa mti wa mbegu. Na makuyu ya kwanza yakianguka mabichi, mti si mgonjwa. Mkuyu hutegemea nyigu mdogo sana, Ceratosolen arabicus, wa urefu wa milimita chache. Jike huingia kwa kitundu kilichopo kichwani mwa kuyu, hupoteza mbawa zake kwa kubanwa njiani, huchavusha maua ya ndani, hutaga mayai ndani ya baadhi ya maua hayo, na kufia humo. Watoto wake wa kiume huzaliwa bila mbawa, hupandana na majike, kisha hutoboa njia ya kutokea. Majike hubeba chavua na kuruka kutafuta mkuyu mwingine. Kuyu lisilotembelewa na nyigu mara nyingi huanguka.

Unaweza kudhani mti wako ulio peke yake Chanika hautafikiwa. Utafikiwa. Utafiti uliofanywa Namibia, kwenye mikuyu ya kingo za mto unaopita jangwani, ulionyesha nyigu hawa husafiri na upepo zaidi ya kilomita 100. Na kwa kuwa mikuyu haizai yote kwa msimu mmoja, daima kuna mti fulani mahali fulani unaowahifadhi. Ndiyo sababu nyingine ya kutopuliza dawa za wadudu kwenye mti huu.

Misri na nchi jirani nyigu huyu mchavushaji hayupo, na mikuyu ya huko haitoi mbegu. Wakulima wa kale walikuwa wakipanda juu na kuchanja kila kuyu kwa kisu, na jeraha hilo hulifanya liive ndani ya siku chache. Kazi ya Amosi nabii aliyejitaja kuwa mtunza mikuyu inaeleweka vizuri ukijua hilo, na mkuyu aliopanda Zakayo kule Yeriko ulikuwa mti huu huu, wenye matawi mapana ya chini yanayomfaa mtu mfupi. Wamisri walichonga majeneza kwa mbao zake. Sisi huku hatuna haja ya kuchanja, nyigu wapo.

Kuyu lililoiva ni tamu kiasi, si tamu kama tini. Pasua kila moja kabla ya kula, kung'uta wadudu waliobaki, kula nyama ya ndani. Yaliyochafuka kwa udongo au yenye ukungu wape kuku. Usile mabichi kwa sababu ya utomvu, na mwenye mzio wa mpira ayaepuke. Ganda na utomvu hutumika kwenye tiba za asili sehemu nyingi za Afrika, lakini usimnyweshe mtoto dawa ya ganda kwa kusikia tu, mpeleke hospitali.

Ukitaka kuyahifadhi, chagua yaliyoiva asubuhi kabla ninga, kuzumburu na shorewanda hawajayamaliza. Yapasue mawili, yafagie wadudu kwa brashi laini, yaanike juani kwenye uteo uliofunikwa chandarua kwa siku tatu hadi tano, ukiyaingiza ndani jioni kwa sababu unyevu wa usiku wa pwani hurudisha ukungu. Yakiwa makavu kiasi cha kunata bila kutoa maji, yafunge kwenye chombo kisichoingiza hewa.